Kuitwa 'Dada' Si Jambo Dogo

Ndugu msikilizaji, hapa Tibirinzi mtu hawezi kutoka nyumbani kwake hadi sokoni Chake bila ya kuitwa mara kumi. Mwenye duka atamwambia, "Karibu dada, nikupe nini?" Mtoto atamwamkia shikamoo. Bibi mwenye kapu ndani ya daladala atajisogeza na kumwambia, "Kaa hapa mwanangu." Wengi wetu hatuyasikii maneno hayo. Yanatupita kama upepo, kwa sababu tangu utotoni yametukaa sawasawa, kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chetu.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye maneno hayo hayampiti hivi hivi. Nasema juu ya mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mwanamume, akalelewa kama mwanamume, lakini nafsi yake tangu zamani ni ya kike, na sasa anaishi kama mwanamke. Siku hizi watu hawa huitwa transijenda. Wasichanganywe na huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoonesha wazi kuwa ni ya kike au ya kiume. Mmoja ni suala la mwili, mwingine ni suala la nafsi.

Katika nchi za Ulaya na Marekani mjadala mmoja juu ya watu hawa ni wa sarufi: aitwe kwa neno la kike au la kiume? Sisi tumeepushwa na mzigo huo. Kiswahili kinasema "amekuja", "amekula", "amelala", basi. Hakiulizi jinsia. Lakini tusijisifu haraka. Kile ambacho lugha yetu haikukiweka katika kitenzi, imekiweka katika kuitana. Kwetu mtu ni kaka au dada, ni Bwana au Bi.

Chukua neno "wifi". Mke wa kaka yako akikuita wifi, amesema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba wewe ni jamaa yake, na kwamba wewe ni mwanamke. Angelikuona mwanamume, angelikuita shemeji. Kwa hiyo mwanamke ninayemzungumzia, siku mke wa kaka yake atakapomwambia, "Wifi, nisaidie kukuna nazi," amepewa kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukiandika. Hakuna hotuba wala sherehe iliyofanywa. Ni mbuzi na nazi tu, lakini moyo umetulia.

Neno "shoga" nalo lina nyuso mbili. Wanawake wa pwani huitana shoga kwa mapenzi, maana yake rafiki wa kike wa mwanamke. Neno hilo hilo likirushwa na kijana kutoka barazani kumwendea mpita njia, huwa tusi, tena tusi la hatari. Mwanamke huyu anaweza kuyasikia yote mawili siku moja, asubuhi limpambe, jioni limfukuze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Si jambo geni katika dunia yetu. Ndugu zetu wa Oman, ambako nyumba nyingi za Pemba zina jamaa, wana neno "khanith", ambalo kwetu limekuwa "hanithi" na kubakia tusi. Mtaalamu wa Norway, Bibi Unni Wikan, aliyekaa Sohar katika miaka ya 1970 na kuandika juu yao mwaka 1977, alieleza kwamba watu hao walizaliwa wanaume lakini walikaa na wanawake, wakaimba nao harusini, na wanawake hawakujifunika uso mbele yao. Kanzu zao zilikuwa za rangi, si nyeupe kama za wanaume wala za kung'ara kama nguo za wanawake. Hata hivyo majina yao yalibaki ya kiume, na Kiarabu kikaendelea kuwataja kwa sarufi ya kiume. Walipewa nafasi ya kukaa, lakini hawakupewa jina.

Jina lenyewe lina uzito gani? Tuvuke bahari kwenda Kenya. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume, akafaulu vizuri sana. Baadaye akaishi kama mwanamke na kubadili jina lake, lakini cheti cha skuli kikabaki na jina la zamani. Fikiri mwenyewe: unaingia kwenye usaili wa kazi kama Bi Audrey, na karatasi mkononi inasema wewe ni Bwana Andrew. Wewe ni mwongo kabla ya kufungua mdomo. Akaenda mahakamani, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu mjini Nairobi akaliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Alama za mtihani hazikubadilika hata moja.

Najua wapo wanaouliza, na dini je? Ni swali la haki, na mwenye kulijibu ni mwanachuoni, si mtangazaji. Mimi nitakumbusha moja tu. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii tunamtegemea, alitofautisha baina ya mwanamume aliyeumbwa na hali ya kike na yule anayejitia makusudi. Akasema wa kwanza hana lawama wala dhambi kwa maumbile yake. Na hata anayeshikilia msimamo mkali kabisa hakuruhusiwa kumtukana mtu njiani.

Kwa nini basi nasema si jambo dogo? Kwa sababu hofu ni ya kweli. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Lakini katika msako wa namna hiyo nani atapambanua nani ni nani? Mtu akiitwa hospitali kwa sauti kubwa kwa jina la kiume, akasimama mwanamke, na benchi zima likacheka, harudi tena, hata kama dawa hazijamalizika. Kicheko cha dakika moja kinaweza kumgharimu uhai.

Ndugu msikilizaji, hutakiwi kusoma vitabu wala kubadili itikadi yako. Mtu akija mbele yako na kukwambia anaitwa Bi fulani, mwite Bi fulani, umuuzie sukari yake, umrudishie chenji yake. Hilo halikupunguzii kitu. Yeye atarudi nyumbani akiwa amepumzika kwa siku moja.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.