Dola la Tippu Tip

Dola la Tippu Tip lilikuwa milki ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika mashariki ya nchi ya leo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya mito Lomami na Lualaba na Ziwa Tanganyika. Lilidumu takriban miaka ishirini, tangu miaka ya 1870 hadi 1894. Kwa jina lilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hali halisi lilijitawala.

Chanzo

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar mnamo 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora aliyeoa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Mnamo 1867 Tippu Tip alimshinda chifu Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, akateka pembe nyingi za ndovu.

Baadaye alivuka kwenda nchi ya Utetera, karibu na mto Lomami. Huko alidai kuwa na undugu na chifu mzee Kasongo Rushie kwa upande wa bibi yake. Mzee alimkubali na kumwachia utawala. Hivyo alipata uchifu, watu na haki ya kupokea pembe bila vita. Kuanzia mwaka 1875 hivi makao yake makuu yalikuwa Kasongo, si mbali na soko la Nyangwe kwenye Lualaba.

Upanuzi

Dola halikuwa na mipaka iliyochorwa. Lilienea kwa njia ya vituo, misafara na machifu waliokubali kuleta pembe. Waliokataa walishambuliwa kwa bunduki, vijiji vikachomwa na watu wakachukuliwa utumwani. Wengi wao walibebeshwa pembe hadi pwani. Baadhi ya wakuu wa dola walikuwa wenyeji, kama Ngongo Lutete, aliyetawala upande wa Lomami.

Upande wa mashariki njia ilipita Ujiji, mji wa bandari katika nchi ya Waha (leo mkoa wa Kigoma). Tangu miaka ya 1880 mkubwa wa Waarabu pale alikuwa Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip. Upande wa kaskazini watu wake walifika maporomoko ya Stanley Falls, karibu na Kisangani ya leo.

Mnamo 1882 Tippu Tip alirudi Zanzibar. Sultani Barghash alimtaka aishike Manyema kwa niaba yake, asije akatangulia Mzungu. Faida ya Sultani ilikuwa hasa ushuru wa pembe zilipofika Zanzibar. Hakuwa na jeshi la kulinda bara.

Mabwana wawili

Udhaifu huo ulionekana upesi. Mnamo 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitambuliwa na mataifa ya Ulaya kuwa mtawala wa Dola Huru la Kongo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, pamoja na visiwa. Mwaka huohuo Waarabu walikiteka kituo cha Wabelgiji cha Stanley Falls.

Februari 1887, mjini Zanzibar, Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya Leopold kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa kuzuia biashara ya watumwa kwenye mto chini ya maporomoko. Mkataba huo ulimpa nafasi ya kubaki na nchi yake, lakini ulimweka chini ya mshindani aliyetaka pembe zilezile zipelekwe magharibi kwa meli za mto.

Kuanguka

Barghash alifariki 1888, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa nchi lindwa ya Uingereza. Tippu Tip aliondoka Kongo 1890, asirudi tena. Mwanawe Sefu alibaki Kasongo.

Vita vilianza 1892. Ngongo Lutete alihamia upande wa Dola Huru la Kongo pamoja na askari wake wengi, na nguvu ya Waarabu kwenye Lomami ikavunjika. Jeshi la Francis Dhanis liliteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili. Ngongo Lutete mwenyewe aliuawa mwezi Septemba na maofisa aliowasaidia. Sefu alikufa vitani mwezi uliofuata. Rumaliza alishindwa Januari 1894 akakimbilia eneo la Wajerumani.

Urithi

Tippu Tip alifariki Zanzibar tarehe 14 Juni 1905, baada ya kuandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Kwa wenyeji, mwisho wa dola haukuleta uhuru: Dola Huru la Kongo liliendelea kudai pembe na mpira kwa nguvu. Kiswahili cha mashariki ya Kongo, pamoja na jumuiya za Waislamu za Kasongo na Kisangani, zilianzia wakati huo.