Kumwua Kunguni kwa Damu Anayoinywa

Katika nyumba nyingi za vijijini, toka miteremko ya Mlima Meru hadi pwani, kuku hulala chini ya paa moja na watu. Kunguni hufaidika na ujirani huo, maana hunywa damu ya binadamu na ya kuku pia.

Mdudu huyu hakai mwilini kama chawa. Huja usiku, hunyonya kwa dakika chache, kisha hurudi ufani, ambako dawa ya kunyunyiza humfikia kwa shida. Tena amejenga usugu. Mwaka 2002 watafiti walieleza kwamba kunguni wa vijiji vya karibu na Muheza, mkoani Tanga, vilivyotumia vyandarua vyenye dawa kwa miaka kadhaa, walikuwa wakistahimili dawa za jamii ya pairethroidi.

Lakini kunguni hana chakula kingine ila damu. Tunutu wake hujivua gamba mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara hana budi kunywa kwanza. Basi dawa iliyomo katika damu humfuata hata aliyejificha. Ivamektini, kwa mfano, hufungua njia za kloridi katika neva za mdudu, naye hupooza. Mwaka 2022 watafiti wa Carolina Kaskazini, Marekani, walionyesha kwamba kunguni walionyonya kuku waliopewa dawa walikufa: ivamektini ilidumu siku chache tu, fluralana ilidumu wiki kadhaa. Huko Kwale, Kenya, watu waliopewa ivamektini kupambana na malaria walieleza pia kwamba kunguni walipungua.

Hata hivyo njia hii ina mipaka. Yai halinywi damu, hivyo dawa iishayo upesi huwaacha watakaoanguliwa baadaye. Kuku akitibiwa, kunguni aliye kitandani huendelea kumnyonya mtu. Tena masalio ya dawa huweza kuingia katika mayai na nyama.

Kwa hiyo dawa ya mifugo itolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na binadamu asiinywe kamwe. Vilevile kitumike kiuatilifu kilichosajiliwa tu na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha. Kuziba nyufa, kufua matandiko kwa maji ya moto na kuwajengea kuku banda lao kungali msingi wa kazi yote.

Swali kwa wanafunzi: ikiwa mayai huanguliwa baada ya siku 10 hivi, dawa idumuyo siku 3 irudiwe lini, na kwa nini?