Ugomvi wa Ndugu Katika Chama: Funzo la Mwaka 2008

Wazee walinena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Methali hii yawafaa sana watu wa chama kimoja cha siasa, hasa katika majira ya kura za mchujo, wakati wana wa nyumba moja wanaposhindana ili mmoja wao apewe bendera ya chama. Katika mashindano hayo mtu hapigani na adui. Apigana na yule atakayemhitaji kesho. Lakini ulimi hauna subira, nao husahau kesho.

Mfano mmoja uliotugusa sisi watu wa Kenya watoka Marekani, mwaka 2008. Chama cha Democratic kilikuwa na watu wengi waliotaka kugombea kiti cha Rais, lakini kabla ya kupita majuma mengi walibaki wawili wenye nguvu: Bi. Hillary Clinton, Seneta wa New York, na Bw. Barack Obama, Seneta wa Illinois, ambaye asili ya baba yake ni Kogelo katika Siaya. Mashindano yao yalianza Januari katika jimbo la Iowa, yasikome mpaka Juni. Katika mambo mengi ya utawala hawakutofautiana sana. Kwa hiyo maneno mengi yaliangukia nafsi zao: huyu ni mwanamke, yule ni mtu mweusi, huyu ni mzoefu, yule ni mgeni.

Tarehe 25 Februari picha moja ilienea katika intaneti. Ilimwonyesha Bw. Obama amevaa vazi jeupe na kilemba, kama wavaavyo wazee wa Kisomali. Picha hiyo ilipigwa Wajir mwaka 2006, alipozuru Kenya. Sisi twajua maana ya mgeni kuvikwa vazi na wazee: ni heshima. Lakini huko Marekani uvumi ulikuwa umekwisha kuenea kwamba Bw. Obama ni Mwislamu anayejificha, ingawa alikuwa Mkristo. Basi heshima ile ya Wajir ikageuzwa kuwa shutuma. Mwenye kuitangaza alisema kwamba imetoka kwa wafanyakazi wa Bi. Clinton, wakuu wa kampeni ya bibi huyo walisema kwamba hawakuidhinisha jambo hilo. Hata hivyo, kidonda kilikuwa kimekwisha kufanyika.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba kosa halikuwa la upande mmoja. Mapema mwezi wa Machi mshauri mmoja wa Bw. Obama alimwita Bi. Clinton zimwi mbele ya mwandishi wa gazeti, akalazimika kujiuzulu. Siku chache baadaye Bi. Geraldine Ferraro, aliyegombea Umakamu wa Rais mwaka 1984, aliacha kazi yake katika kampeni ya Bi. Clinton, kwa kuwa alisema kwamba Bw. Obama asingefika alipofika kama angalikuwa mzungu. Wafuasi wa pande zote mbili wakaanza kuapa kwamba mtu wao akishindwa, watampa kura mpinzani, Bw. John McCain.

Chama cha Republican kilikwisha kuonja uchungu kama huo. Mwaka 1964 kilishindanisha Bw. Barry Goldwater, Seneta wa Arizona, na Bw. Nelson Rockefeller, Gavana wa New York. Katika mkutano mkuu wa Julai karibu na San Francisco, Bw. Rockefeller alisimama kuwasihi wajumbe wakatae siasa za kupita kiasi, akazomewa na watu wa chama chake mwenyewe. Uchaguzi ulipokaribia, wapinzani hawakuhitaji kubuni maneno ya kumshutumu Bw. Goldwater. Waliyaokota yale yaliyosemwa na wakubwa wa chama chake, wakayatia katika matangazo yao ya televisheni. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, lakini alipata majimbo 6 tu katika 50.

Chama cha Democratic kilijifunza kuliko hicho. Bi. Clinton alipoona kwamba ameshindwa, tarehe 7 Juni 2008 aliwaambia wafuasi wake wamsaidie Bw. Obama. Tarehe 27 Juni wote wawili walisimama pamoja katika mji mdogo wa New Hampshire uitwao Unity, yaani Umoja, ambako katika mchujo kila mmoja alikuwa amepata kura 107. Agosti, katika mkutano mkuu wa Denver, ni Bi. Clinton mwenyewe aliyetoa shauri kwamba mwenzake akubaliwe kwa sauti moja. Novemba Bw. Obama alishinda, na mwaka 2009 akamfanya Bi. Clinton Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje.

Sasa tujitazame sisi. Tarehe 28 Februari 2008, siku tatu tu baada ya picha ile kutangazwa, Rais Mwai Kibaki na Bw. Raila Odinga walitia sahihi mapatano mjini Nairobi, mbele ya Bw. Kofi Annan. Watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekwisha kufa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Machafuko yale hayakuzaliwa siku ya kura. Maneno ya "sisi" na "wao" yalikuwa yamepandwa zamani, nayo hupandwa hata katika mchujo, ambako watu wa kabila moja hugawanywa kwa ukoo, na watu wa ukoo mmoja kwa kijito.

Kwa hiyo kila asimamaye jukwaani, awe ataka Ubunge au uenyekiti wa chama cha ushirika, na ajiulize: Je, nikishindwa, nitaweza kumwita mwenzangu mkubwa wangu baada ya neno hili? Na nikishinda, atawezaje kunifanyia kazi? Nasi tunaosikiliza tusipige makofi kwa tusi. Msemaji hurudi kwake kwa motokaa jioni ile ile. Sisi ndio tutakaoamka asubuhi na kumkuta jirani ng'ambo ya ua.