Musa Jukwaani: Opera Takatifu ya Rossini na Sheria za Kwaresima

Mnamo tarehe 5 Machi 1818, pazia la ukumbi wa San Carlo mjini Napoli, Italia, lilifunguliwa na watazamaji wakakabiliwa na giza. Hapakuwa na utangulizi mrefu wa muziki kama ilivyokuwa desturi ya opera za wakati huo. Okestra ilipiga mapigo machache mazito, kisha kwaya ya Wamisri ikaanza kuomboleza kizani. Lilikuwa giza la pigo la tisa linalosimuliwa katika sura ya kumi ya Kitabu cha Kutoka. Baadaye Musa, aliyeimbwa kwa sauti ya besi, alimwomba Mungu, na nuru ikarejea jukwaani na katika muziki kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo ilivyoanza Mosè in Egitto, yaani Musa Misri, kazi ya Gioachino Rossini, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita tu.

Kazi hii haikuitwa opera. Ilipewa jina la azione tragico-sacra, maana yake tendo la kitanzia lililo takatifu. Wanafunzi wa nadharia ya tanzu huenda wakadhani kwamba hilo ni suala la istilahi tu. La hasha! Katika Napoli ya siku hizo haikuruhusiwa kuonyesha opera za kidunia wakati wa Kwaresima, na kumbi ambazo hazikutaka kukaa kimya kwa majuma hayo ziligeukia hadithi za Biblia. Jina la utanzu, kwa hiyo, lilikuwa kama hati ya kupitia mlangoni. Ndani ya mlango huo, hata hivyo, mna mambo ambayo Kitabu cha Kutoka hakiyajui.

Andrea Leone Tottola, aliyetunga maneno ya kazi hii, hakuchota katika Biblia peke yake. Aliegemea tamthilia ya Francesco Ringhieri ya karne ya kumi na nane, iliyokwisha kumpa mwana wa Farao mpenzi wa Kiebrania. Katika opera kijana huyo anaitwa Osiride na binti anaitwa Elcia. Osiride hataki Waisraeli waondoke, kwa kuwa wakiondoka naye Elcia ataondoka. Moyo mgumu wa Farao, ambao katika Biblia ni fumbo zito la kidini, hapa unapata sababu ya kibinadamu: kuna mtu nyumbani mwake anayemgeuza nia kila anapokaribia kukubali. Huenda msomaji mcha Mungu akaona kwamba utakatifu umepunguzwa. Hata hivyo, kwa upande wa msuko, Tottola alipata jambo ambalo jukwaa haliwezi kuishi bila yake, yaani mgogoro kati ya watu wanaoonana uso kwa uso. Pigo la kumi nalo limebanwa likawa kifo cha mtu mmoja. Osiride anainua upanga amuue Musa, na radi inampiga papo hapo. Mzaliwa wa kwanza amekufa, nayo Misri yote yaomboleza kupitia kwake.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoleta aibu. Bahari ya Shamu ilipaswa kugawanyika mbele ya watazamaji, lakini mitambo ya jukwaani haikuweza kazi hiyo na watu wakaangua kicheko. Mwandishi Mfaransa Stendhal alilisimulia tukio hilo kwa ufundi (na kwa chumvi yake aliyoizoea). Kazi iliporudishwa jukwaani mwaka wa 1819, Rossini aliongeza sala kabla ya muujiza. Musa anaanza ubeti, kwaya inaitikia. Haruni anafuata, kisha Elcia, na kila mara umati unajibu. Mwishoni muziki unatoka katika huzuni na kuingia katika mwanga. Mpangilio huo wa kiongozi na kiitikio hauhitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Ni vyema kukumbuka kwamba katika Kutoka 14 watu wanalia kwa hofu na kumlaumu Musa. Wimbo wao unakuja katika sura ya 15, wakiwa wamekwisha kuvuka. Rossini aliwafanya waimbe kabla ya kuokolewa, wangali hawana hakika yoyote.

Huko Uingereza mambo yaligeuka juu chini. Hadithi za Biblia ziliweza kuimbwa bila kuigizwa, kama Handel alivyofanya katika oratorio yake Israel in Egypt ya mwaka wa 1739, lakini hazikuruhusiwa kuigizwa katika kumbi za maonyesho. Hadithi ile ile iliyoifungulia Napoli jukwaa la Kwaresima ingelifunga jukwaa la London. Basi mwaka wa 1822 kazi ya Rossini ilionyeshwa huko kwa jina la Pietro l'Eremita. Musa akawa Petro Mtawa, mhubiri wa vita vya msalaba vya karne ya kumi na moja, na sehemu kubwa ya muziki ikabaki ilivyokuwa. Marufuku hayo yalidumu mno, kwani opera ya Saint-Saëns kuhusu Samsoni na Delila, iliyoonyeshwa kwanza Weimar mwaka wa 1877, haikuigizwa Covent Garden hadi mwaka wa 1909.

Rossini mwenyewe aliirudia kazi yake na kuipanua kwa Kifaransa, ikaonyeshwa katika Opera ya Paris mwaka wa 1827 kwa jina la Moïse et Pharaon. Wapenzi wale wakapewa majina mapya, na sala ikabakizwa. Miaka sitini baadaye, mwaka wa 1887, mabaki ya mtunzi huyo yalipohamishwa kutoka Paris hadi kanisa la Santa Croce mjini Florence, sala hiyo ndiyo iliyoimbwa kumpokea.