Mwandishi, Kazi na Msikilizaji: Mazungumzo ya Tamasha la Fasihi Yakitazamwa kutoka Ludewa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mazungumzo ya waandishi katika matamasha ya fasihi kama tukio la lugha lenye taratibu zake: nani hupewa zamu ya kusema, kwa lugha gani, na kuhusu kazi ambayo nani ameisoma. Yakiichukua Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, kuwa mahali pa kutazamia, yanahusisha taratibu hizo na mapokeo ya kujibizana katika fasihi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba mazungumzo hayo huifaa fasihi pale msikilizaji anapochukuliwa kuwa mjuzi wa jambo ambalo mwandishi pengine halijui.

Utangulizi

Msomaji wa riwaya anayeishi Ludewa na anayetaka kumsikia mwandishi akizungumzia kazi yake hana budi kusafiri kwanza hadi Njombe, kisha Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA. Akifika hapo, safari ya Dar es Salaam ndiyo kwanza inaanza. Matamasha ya fasihi yaliyopata jina Afrika Mashariki, kama vile Kwani? Litfest na Storymoja Hay ya Nairobi au Writivism ya Kampala, yamefanyika katika miji mikuu, na lugha iliyotawala vikao vyake imekuwa Kiingereza. Kwa hiyo msomaji huyo ana safari mbili, moja ya barabara na nyingine ya lugha.

Umbali wa barabara huonekana kwa urahisi na mara nyingi hutajwa kuwa ndicho kikwazo. Makala haya yanaonesha kuwa kipo kikwazo kingine, nacho kimo ndani ya mazungumzo yenyewe. Hata waandaaji wakilihamishia tamasha Ludewa, kikwazo hicho kitasafiri nao iwapo hakitatambuliwa.

Taratibu za zamu

Sacks, Schegloff na Jefferson (1974) walieleza jinsi wazungumzaji wanavyopokezana zamu kwa kanuni ambazo hazijaandikwa popote lakini hufuatwa na wote. Katika maongezi ya kawaida, zamu hugawanywa papo hapo na wazungumzaji wenyewe. Katika mazungumzo ya tamasha, zamu huwa zimekwisha kugawanywa kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Mwongozaji huuliza, mwandishi hujibu, pengine husoma ukurasa mmoja au miwili, na dakika za mwisho ndizo huachiwa hadhira. Kipaza sauti humfikia msikilizaji wakati saa imekwisha kuyoyoma.

Hapo ndipo hutokea mgongano ambao wengi huuona kuwa ni utovu wa nidhamu. Msikilizaji husimama, huiamkia meza kuu, huwashukuru waandaaji, humpongeza mwandishi, hujitambulisha na kutaja atokako, ndipo aliendee swali. Mwongozaji humkatiza: uliza swali, usihutubie. Kwa mtazamo wa pragmatiki, sehemu hiyo ya mwanzo haikuwa hotuba. Katika jamii za Waswahili na majirani zao, mtu hamuulizi mkubwa au mgeni swali zito bila kwanza kuomba njia. Salamu huweka heshima baina ya wawili hao, pongezi huondoa dhana ya ugomvi, na kutaja mahali pa asili humweleza mwandishi kwa nini swali hilo linaulizwa na mtu huyu. Likiondolewa hilo, swali hubaki, lakini mamlaka ya anayeuliza hupotea. Aliyekatizwa huketi akiwa ameuliza jambo dogo kuliko lile alilosimama kuliuliza.

Lugha ya jukwaa

Suala la nani ana haki ya kusema lina historia. Mwezi Juni 1962, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi chuoni hapo, alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Shaaban Robert, ambaye wakati huo alikuwa na diwani, riwaya, insha na wasifu, hakustahili kualikwa kwa kigezo kilichowekwa. Alifariki dunia mwezi huohuo. Mwaka uliofuata Obi Wali aliupinga msingi wa mkutano huo katika jarida la Transition, na baadaye Ngũgĩ mwenyewe aliurejelea kama mfano wa fasihi iliyofafanuliwa kwa kuwaacha nje wenye lugha zao.

Mambo kadhaa yamebadilika tangu wakati huo. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya kazi za Kiswahili, na mwaka 2023 Tanzania ilianza kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wasomaji wengi wa Kiswahili walimpongeza mwandishi mzaliwa wa Zanzibar ambaye hawakuwa na kitabu chake hata kimoja kwa lugha yao. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilipotoka mwaka 2022, pongezi ziliweza kugeuka maswali. Mfano huu una fundisho kwa waandaaji wa matamasha. Hadhira isiyoweza kuifikia kazi humuuliza mwandishi juu ya maisha yake, mafanikio yake na ushauri wake kwa vijana. Hadhira iliyoifikia humuuliza kwa nini mhusika fulani alinyamaza pale alipotarajiwa kusema.

Mapokeo ya kujibizana

Mazungumzo baina ya mtunzi na hadhira si jambo geni katika Kiswahili. Tangu enzi za Muyaka bin Haji huko Mombasa, mtunzi aliyetoa shairi la fumbo au la kejeli alitarajia kujibiwa kwa shairi, na aliyejibu alipimwa kwa hoja yake pamoja na mizani na vina vyake. Mathias Mnyampala aliiendeleza sanaa ya kujibizana katika ngonjera. Hata mgogoro wa ushairi uliopamba moto baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974), uliowakabilisha watetezi wa arudhi na wanamabadiliko, ulikuwa mazungumzo marefu ambayo washiriki wake walijibizana kwa makala na kwa diwani pia. Katika mapokeo haya, msikilizaji ni mtunzi anayengoja zamu yake.

Ludewa nayo ina mapokeo yaliyo karibu na hayo. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, pande za Manda, mganda ni ngoma ya mashindano: kikundi cha kijiji kimoja hukialika cha kijiji kingine, na watazamaji wanaoijua ngoma hiyo hulinganisha na kutoa hukumu. Mtazamaji wa mganda haambiwi angoje dakika za mwisho ndipo awe na maoni.

Kinjeketile mbele ya hadhira ya Ludewa

Nguvu ya hoja hii inaonekana vizuri katika mfano wa Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein. Mwandishi alibainisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa ubunifu, si nakala ya mtu wa historia. Mhusika huyo huanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe, na hatimaye hukataa kutamka kuwa maji yalikuwa uongo. Mjadala wa darasani kwa kawaida huhusu umoja, uongozi na imani.

Hata hivyo, Vita vya Majimaji (1905–1907) havikuishia Ngarambe. Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, mwaka 1905, na Wapangwa, wenyeji wa milima ya Ludewa, waliingia vitani. Majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vyakula, na njaa iliua watu wengi kusini mwa nchi. Mjukuu wa walionusurika ana swali ambalo halitoki katika mwongozo wa mtihani: neno lililotoka kinywani mwa mtu mmoja Rufiji lilibadilikaje lilipofika kwa watu ambao hawakuwahi kumwona, na ni nani anayewajibika kwa neno likiwa mbali hivyo? Swali hilo ni la kihistoria, na papo hapo ni la kifasihi, kwa kuwa linagusa kiini cha tamthilia. Ili lisikike, muulizaji lazima aruhusiwe kwanza kusema yeye ni wa wapi.

Hitimisho

Kutokana na ufafanuzi huu, hatua tatu zinapendekezwa kwa waandaaji. Kwanza, sehemu ya kazi isomwe kwa sauti na kwa ukamilifu kabla ya usaili, ili asiye na nakala naye awe na cha kuulizia. Pili, hadhira ipewe zamu mapema, na utangulizi wa muulizaji uhesabiwe kuwa sehemu ya swali lake. Tatu, mwongozaji awe mtu anayeijua lugha ya mahali pamoja na adabu yake ya kuomba njia. Hatua hizi hazihitaji ukumbi mkubwa. Darasa la shule ya sekondari ya Mlangali au Manda linatosha, mradi nakala za kitabu zifike wiki kadhaa kabla ya mwandishi na zibaki hapo atakapoondoka.