Nepi za mtoto mwenye ulemavu mkubwa: msaada uliopo na jinsi ya kuufikia

Kenya haina mpango wa kitaifa unaogawa nepi kwa familia. Sodo zina sheria yake: tangu 2017, serikali inatakiwa kuwapa bila malipo wasichana walio katika shule za umma. Nepi hazina sheria ya namna hiyo, na gharama yake hubaki kwa mzazi.

Kwa familia nyingi mzigo huu hupungua mtoto anapofikisha miaka miwili au mitatu na kujifunza kutumia choo. Mambo ni tofauti kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa, kama vile aliye na mtindio wa ubongo au aliyezaliwa na mgongo wazi. Huyu huenda akahitaji nepi hadi utu uzima, na kadiri anavyokua ndivyo nepi zinavyozidi kuwa ghali.

Msaada wa umma ulio karibu zaidi ni Inua Jamii. Mpango huu wa serikali ya kitaifa una makundi matatu: wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, na watu wenye ulemavu mkubwa. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kundi la tatu linamlenga mtu anayehitaji kutunzwa wakati wote: kulishwa, kusafishwa na kusaidiwa haja zake. Kwa mtoto, pesa hupokewa na mlezi, wala haambiwi azinunulie nini.

Je, zinatosha? Tuseme nepi moja inauzwa shilingi 20 na mtoto anatumia nne kwa siku. Hizo ni shilingi 80 kwa siku, au 2,400 kwa mwezi. Pesa zote za Inua Jamii zitakuwa zimekwisha kabla ya unga kununuliwa. Hata hivyo, mlezi asiyepokea chochote yuko katika hali mbaya zaidi, na wengi wako nje ya mpango huu kwa sababu ya kuchanganya mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto hupelekwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, akakaguliwa na jopo la wataalamu, kisha ripoti yao ikatumika kuombea kadi. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi vinahitajika. Mara nyingi safari hukwama hapa, hasa kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani na ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikishwa.

Jambo la pili ni kuingizwa katika Inua Jamii. Kadi pekee haileti pesa. Serikali husajili familia mpya kwa awamu, na hali ya kila familia huangaliwa kwanza. Kwa hivyo ni vyema mlezi ajulikane mapema kwa chifu au naibu wake na kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, badala ya kusubiri tangazo litolewe barazani. Mtoto asiyetolewa nje ya nyumba ni rahisi kusahaulika orodha inapoandikwa. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma anaweza kumwelekeza mlezi pa kuanzia.

Huku wakisubiri, walezi wengine hutumia nepi za kitambaa mchana na za kutupa usiku. Kitambaa hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kikauke kabisa. Wengine huchanga na kununua pakiti kubwa, kwa kuwa nepi za mojamoja za kioski mara nyingi huwa ghali zaidi. Kumwacha mtoto na nepi moja kutwa nzima si akiba: ngozi huchubuka, na mtoto asiyeweza kujigeuza hupata vidonda ambavyo matibabu yake ni ghali kuliko nepi.

Usajili wa Inua Jamii haulipiwi. Anayeombwa pesa ili jina la mtoto liandikwe asizitoe, bali aripoti katika ofisi ya ustawi wa jamii au kwa naibu kamishna wa kaunti.