SIMU YA KULIPIA KABLA NA HESABU YA NYUMBA

Ni nyumba chache leo, mjini na mashamba, zisizokuwa na simu ya mkono, na nyingi zina tatu au nne. Lakini shilingi zitokazo kwa ajili ya simu hazionekani kama zile zitokazo kwa unga na mafuta, maana hutoka kidogo kidogo, kumi leo na ishirini kesho, na kila mtu wa nyumba hutoa kwa mfuko wake. Mwisho wa mwezi baba huuliza fedha zimekwenda wapi, wala hapana ajuaye. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba hiyo hiyo kibaba humalizika. Kwa hivyo yatupasa tuizungumze khabari hii kwa utulivu, wazee na vijana pamoja.

Njia za kulipia simu ni mbili. Ya kwanza ni mtu kuzungumza, kisha kuletewa hesabu yake mwisho wa mwezi. Njia hii yataka mtu mwenye mshahara wa kujulikana, ili kampuni imwamini. Ya pili ni kulipa kwanza, kisha kuzungumza kwa kadiri ya ulicholipa. Katika mwaka 1995 kampuni ya TMN ya Ureno ilitoa kadi iliyoitwa Mimo, nayo ni katika kadi za mwanzo kabisa za namna hii. Kwetu Kenya, Safaricom na Kencell, ambayo leo ni Airtel, zilianza biashara mwaka 2000, na njia hii ya pili ndiyo iliyomfikishia simu mvuvi, mchuuzi na mama mpika mahamri, kwa kuwa haikumdai mtu hati ya mshahara.

Fadhila yake kubwa ni kuwa haina deni. Mwenye shilingi hamsini huzungumza kwa shilingi hamsini, kisha simu hunyamaza, naye hulala hadaiwi na mtu. Ewe msomaji, lishike neno hili, maana ndilo mzizi wa yote yatakayofuata.

Tukija katika kuchagua, jambo la kwanza ni kutazama ni mtandao gani ushikao vyema hapo ulipo. Aliyeko Siyu au Faza asichague kwa matangazo yaliyobandikwa Nairobi. Na amwombe jirani simu yake, aijaribu ndani ya nyumba, si barazani tu, asubuhi na usiku. Bei rahisi ya simu isiyoshika ni khasara tupu.

La pili, tazama watu unaozungumza nao zaidi. Kampuni moja ikipeleka simu kwa nyingine, hulipa ada kwa ile inayopokea. Hiyo ni sababu moja iliyofanya kupiga nje ya mtandao wako kuwa ghali tangu zamani. Ada hiyo imekuwa ikipungua, na tarehe 1 Machi 2024 ilishushwa kutoka senti 58 hadi senti 41 kwa dakika. Hata hivyo, vifurushi vingi vingali vyawapendelea walio katika mtandao mmoja. Na aliyeona kuwa alichagua vibaya hana haja ya kupoteza namba yake, maana tangu Aprili 2011 sheria ya Kenya yamruhusu mtu kuhama kampuni na namba ile ile.

La tatu ni namna ya kuhesabu. Safaricom ilipoanza ilihesabu kwa sekunde, na mwenzake akihesabu kwa dakika nzima. Tuseme bei ni shilingi 4 kwa dakika, nawe umezungumza sekunde 75. Kwa hesabu ya sekunde utalipa shilingi 5, na kwa hesabu ya dakika utalipa 8, kwa sababu dakika ya pili imehesabiwa nzima. Swali hili liulizwe hata leo kwa kila bei mpya inayotangazwa.

La nne ni vifurushi, ambavyo vijana huviita bando, na hapa ndipo fedha nyingi zipoteapo. Kijana anunua kifurushi cha siku kwa shilingi 20 na kukiona rahisi, lakini kwa siku 30 ametoa 600. Ikiwa kampuni ile ile yauza cha mwezi, chenye data sawa na hizo, kwa 500, basi ametupa shilingi 100. Nyanya naye, ambaye humpigia mwanawe mara nane kwa mwezi, dakika tatu kila mara, akilipa shilingi 4 kwa dakika atatumia 96 tu. Akinunuliwa kifurushi cha shilingi 300, zaidi ya mia mbili zapotea. Kwa hivyo hapana kifurushi kilicho bora kwa watu wote. Andika matumizi yako kwa wiki mbili, kisha gawanya bei kwa dakika utakazozitumia kweli, si kwa zile ulizopewa. Wako pia wauzao vifurushi visivyokwisha muda, kama vile Safaricom ilivyovileta Oktoba 2019, navyo vyamfaa mwenye matumizi machache, ingawa kwa kawaida bei yake kwa kipimo huwa juu. Na data ikimalizika, ifunge, isije ikaanza kula salio lenyewe.

Wanafunzi wetu hupiga hesabu ya mirathi yenye warithi saba wala wasikosee. Hesabu hii haiwashindi.

Sasa natuje katika lile lililo zito, nalo ni salio la kukopa. Kwa Safaricom laitwa Okoa Jahazi. Mtu hukopa shilingi 100, hupata salio la 90, na hulipa 100. Tena atiapo salio jingine, kampuni huchukua deni lake kwanza, naye hubaki na kidogo, akakopa tena. Kisha mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkopesha mtu katika M-Pesa kwa ada ya kuingilia na ada ya kila siku. Katika salio la kukopa, wako wanavyuoni wasemao kuwa ni mkopo wenye ziada, na hiyo ndiyo riba; na wako wasemao kuwa ni huduma iliyouzwa kwa bei ya kulipwa baadaye. Atakaye fatwa amwendee sheikh wake. Lakini hesabu haina khitilafu. Aliyekopa shilingi mia mara kumi kwa mwezi ametoa shilingi 100 bila ya kusema neno lolote. Na kumbukeni kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 ya Suratul-Baqara, ni aya ya madeni na kuyaandika. Ni nani huliandika deni la simu? Aliyelipia kabla kisha akakopa ameitupa fadhila ile tuliyoitaja, akabaki na taabu za njia zote mbili.

Kadhalika jihadharini na ujumbe wa kuwaita watu wajaribu bahati kwa shilingi chache. Hiyo ni kamari, hata ikivikwa kanzu. Piga *106# ujue ni namba ngapi zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Na mwenye mwana aliye safarini kwa masomo, laini yake itumiwe mara kwa mara, maana laini iliyoachwa muda mrefu hufungwa, na namba yaweza kupewa mtu mwingine.

Enyi vijana, simu ni chombo cha kuunga udugu, na sauti ya mwana aliye mbali ni dawa kwa mzazi. Wekeni fungu lake mwanzo wa mwezi, kama mnavyoweka la unga, na likimalizika, ngojeni. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa na kiasi katika mali zetu, na atuepushe na uzito wa deni. Amin.